Ramani Hii Inaanza Mwaka Gani?

Nimesomea historia. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa ya mafaili: ripoti za mabwana shauri wa wilaya, barua za wamisionari, sheria za uwindaji za Wajerumani na Waingereza, mihutasari ya mabaraza ya machifu. Ninachokitafuta humo ni wanyamapori. Nataka kujua watu na wanyama waliishije pamoja, waligombea wapi maji na malisho, na walikujaje kutenganishwa kwa mipaka. Nafasi ya kufundisha ilipopatikana katika chuo kikuu kimoja hapa Moshi, haikuwa Idara ya Historia. Ilikuwa Jiografia.

Nyumbani walistaajabu. Kaka yangu aliuliza kama sasa nitafundisha mito na mawe. Mkuu wa idara ndiye aliyenieleza vizuri alichokitaka. Wanafunzi wake wengi, alisema, wanaandika tasnifu kuhusu shoroba za wanyama, migogoro ya mipaka ya hifadhi na tembo wanaokula mahindi ya watu, na karibu wote wanaandika kana kwamba mambo hayo yalianza juzi. "Njoo uwape miaka, Mwalimu," aliniambia.

Katika moja ya semina za mwanzo nilizohudhuria, mwenzangu anayeshughulika na mifumo ya taarifa za kijiografia alionyesha ramani za eneo lililo kati ya Tarangire, Manyara na Kilimanjaro. Kijani kilikuwa pori, njano mashamba, nyekundu makazi. Ramani ya kwanza ilikuwa ya kijani karibu yote. Katika ya pili njano ilikuwa imepenya. Katika ya tatu nyekundu ilikuwa imefuata barabara, na ushoroba wa Kwakuchinja, wanakopita wanyama kati ya Tarangire na Manyara, ulikuwa umebanwa huku na huku. Mada ilikuwa na neno "uvamizi".

Nikauliza ramani ya kwanza ni ya mwaka gani.

"Miaka ya sabini," alijibu. "Setilaiti ya kwanza ya Landsat ilirushwa 1972. Kabla ya hapo hatuna picha za namna hiyo."

"Na kabla ya hapo palikuwa na nini?"

"Hilo sasa ni lako, Mwalimu," alisema, na alimaanisha. Kesho yake alikuja ofisini kwangu na kompyuta yake, akavuta kiti, akaniambia nimwonyeshe. Tangu siku hiyo tunafanya kazi pamoja. Na nililojifunza kuliko yote katika idara hii ni kwamba kila ramani ya wanyamapori ina mwaka wake wa kuanzia, uwe umeandikwa au haukuandikwa, na anayeuchagua mwaka huo ndiye anayeamua nani ataitwa mwenyeji na nani ataitwa mvamizi.

Nilianza kumwonyesha kwa miaka ya 1890. Sotoka, yaani tauni ya ng'ombe, iliingia kutoka upande wa Ethiopia, na kufikia 1891 ilikuwa imeshafyeka ng'ombe wa nchi hii. Katika sehemu nyingi inakadiriwa kuwa katika kila ng'ombe kumi walikufa tisa au zaidi. Nyati na nyumbu nao walikufa, kwa sababu sotoka haichagui wa zizini na wa porini. Ndui ikafuata, na njaa. Oscar Baumann, Mwaustria aliyepita Ngorongoro mwaka 1892, alikuta Wamasai wamebaki mifupa, wanawake na watoto wakiomba chakula kwenye kambi ya msafara wake. Waliokuwa na nguvu walikimbilia kwa majirani wakulima, wakiwemo wa milima hii yetu. Malisho yakabaki bila mifugo. Vichaka vikaota palipokuwa wazi, maana hapakuwa tena na wa kula miche wala wa kuchoma nyasi kwa majira yake. Kwenye vichaka wakafuata mbung'o, na pamoja na mbung'o yakaja magonjwa wanayoyaeneza, nagana ya mifugo na malale ya watu, hata aliyetaka kurudi na ng'ombe wake wachache hakuweza.

Mwaka 1896 Gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, akatoa agizo la kudhibiti uwindaji na kutenga maeneo ya wanyama. Tazama mfuatano huo: kwanza tauni, halafu vichaka, halafu sheria. Nchi ilitazamwa na watawala wapya ikiwa imetoka kwenye msiba, nao wakaamini kuwa ule utupu waliouona ndio uliokuwapo siku zote. Ni kama kumpiga mtu picha siku anayotoka wodini, kisha kusema hiyo ndiyo sura aliyozaliwa nayo.

Mwenzangu alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo ambalo sijawahi kuulizwa na mwanahistoria: "Vichaka hivyo viliota wapi hasa? Vyote, au kwenye udongo gani?" Nitarudi kwenye swali hilo, kwa sababu limebadilisha namna ninavyosoma.

Mfano wa nyumbu wa Serengeti ndio unaowashika wanafunzi. Mwaka 1958 mtaalamu wa wanyama wa Kijerumani, Bernhard Grzimek, na mwanawe Michael waliwahesabu kwa ndege, wakapata takriban 99,000. Michael alifariki katika ajali ya ndege Januari 1959, kazi ikiendelea. Hesabu za mwanzoni mwa miaka ya 1960, zilizofanywa kwa njia bora zaidi, zilitoa takriban 250,000. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa zaidi ya 1,300,000. Kilichotokea katikati ni kwamba ng'ombe wa wafugaji wanaoizunguka Serengeti walichanjwa. Ng'ombe walipoacha kuugua sotoka, nyumbu nao hawakuwa na pa kuupata ugonjwa. Kundi lile kubwa ambalo wageni wanavuka bahari kuja kuliona likivuka mto Mara limetokana na sindano waliyochomwa ng'ombe. Nikisema hivyo darasani, mwanafunzi aliyetoka kwenye boma la mfugaji huinua kichwa.

Mambo hayakuishia hapo. Nyumbu walipoongezeka walikula nyasi, nyasi zilipopungua moto wa kiangazi ukakosa cha kuunguza, na miche ya miti ikapata nafasi. Katika miaka ya 1960 wahifadhi walikuwa na hofu kwamba tembo wanamaliza miti ya Serengeti na Mara. Watafiti walipofuatilia, waliona kuwa sehemu kubwa ya miti hiyo ilikuwa imeota baada ya sotoka ya miaka ya 1890, wakati ambapo nchi haikuwa na mifugo, nyati wala tembo wa kutosha. Miti iliyoliliwa kuwa ya kale ilikuwa na umri wa mtu mzima mmoja. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitangaza kuwa sotoka imetokomezwa duniani. Lakini alama zake ziko kwenye mipaka yetu mpaka leo.

Mfano wa Ngorongoro ni mgumu zaidi kuufundisha, na siufundishi kwa haraka. Mwaka 1959 Serengeti ilikatwa: upande mmoja ukabaki Hifadhi ya Taifa isiyo na watu, upande wa pili ukawa Hifadhi ya Ngorongoro ambako Wamasai waliruhusiwa kuishi, wakiwemo wale waliotolewa Serengeti mwaka huohuo. Katika mijadala ya sasa, hasa tangu familia zilipoanza kuhamia Msomera wilayani Handeni mwaka 2022, hesabu inayorudiwa ni ya watu 8,000 mwaka 1959 dhidi ya zaidi ya 100,000 wa leo. Hesabu hizo mbili zikiwekwa pamoja, mtu haoni kingine ila ongezeko. Mimi huwaomba wanafunzi waongeze nyuma yake mstari mmoja tu: wale 8,000 walikuwa wajukuu wa watu walionusurika njaa ya sotoka. 1959 haikuwa sifuri. Simwambii mwanafunzi aunge mkono upande gani. Namwambia asikubali kukabidhiwa mwaka wa kuanzia bila kuuliza umetoka wapi.

Wala sidai kwamba kila upungufu ni suala la mwaka uliochaguliwa. Tembo wa Tanzania walikuwa takriban 109,000 mwaka 2009. Sensa ya 2014 ilikuta karibu 43,000. Hiyo ni miaka mitano, na ni ujangili mtupu. Hata hivyo, ujangili nao una jiografia yake ya zamani. Jozi ya meno ya tembo makubwa kuliko yote yaliyowahi kurekodiwa ilitoka kwenye miteremko ya Kilimanjaro mwaka 1898, ikauzwa Zanzibar, na leo iko kwenye makumbusho London. Kila jino lina uzito wa zaidi ya kilo 90, yaani mtu mzima mnene. Darasa linapoambiwa kwamba tembo huyo alikuwa akila majani kwenye mlima huuhuu unaoonekana dirishani, ukimya wake ni wa watu walionyang'anywa kitu bila kujua walikuwa nacho.

Sasa lile swali la "wapi hasa".

Sisi watu wa mafaili tumezoea sentensi kama "tembo wameharibu mazao maeneo ya Sanya". Tunainukuu, tunaendelea. Wanajiografia hawaendelei. Maeneo ya Sanya upande upi wa mto? Kwenye mwinuko gani? Mwezi gani, mahindi yakiwa yamefikia wapi? Ilibidi nijifunze kuzisoma upya ripoti ambazo nilidhani nimezimaliza, safari hii nikiwa na ramani mezani.

Aliyenifundisha zaidi hana shahada. Ni mzee anayetunza chumba cha ramani, na hata maprofesa wanamwamkia kwanza. Chumba chake kina kabati za chuma zenye droo pana na za chini, na ndani yake zimelala karatasi za ramani za uwiano wa 1:50,000, zilizochorwa kutokana na picha za anga. Akivuta droo hufanya hivyo kwa mikono miwili, kwa sababu moja haifunguki upande wa kushoto, kisha hulainisha karatasi kwa kifundo cha mkono, si kwa kiganja, ili jasho lisiiguse. Siku moja nilikuwa natafuta mahali ambapo faili moja lilisema palikuwa na malisho ya kiangazi. Alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Usitafute malisho, Mwalimu. Ramani hii haina malisho. Tafuta majosho."

Kweli, yalikuwepo, alama ndogo hapa na pale kwenye eneo lililoandikwa vichaka tu. Palipo na josho palikuwa na ng'ombe, na walikuwa wengi kiasi cha serikali kumwaga saruji. Tulipoyaunganisha majosho na visima, ikatokea picha ya njia za mifugo katikati ya eneo ambalo ramani ya setilaiti ilikuwa imelipaka kijani na kuliita pori. Mwenzangu wa kompyuta alinyamaza, akaanza kuyaingiza moja moja.

Chanzo kingine ambacho nisingekifikiria peke yangu ni vibandiko vya makumbusho. Mwaka 1905 na 1906 msafara wa Waswidi ulioongozwa na Yngve Sjöstedt ulikusanya wadudu, ndege na wanyama kwenye Kilimanjaro na Meru. Kambi yao kuu upande wa magharibi ilikuwa Kibong'oto, ambayo kwenye vibandiko vyao imeandikwa Kibonoto. Kila kiumbe kilipewa mahali na mwinuko, na Sjöstedt aliugawa mlima kwa kanda: nyika chini, juu yake ukanda wa mashamba, halafu msitu, halafu nyasi za juu. Mwanahistoria angefurahi kupata tarehe. Mwanajiografia aliona zaidi: kwamba mwaka 1905 ukanda wa mashamba ya Wachagga, migomba na mifereji yake, ulihesabiwa kuwa makazi ya viumbe sawa na msitu. Vihamba, yaani mashamba hayo ya migomba yanayozunguka nyumba, vilikuwa sehemu ya maisha ya mlima. Baadaye, katika ramani nyingi za uhifadhi, vihamba vikawa rangi moja tu inayomaanisha watu.

Kule Kibosho na Uru jambo hili wanalijua bila ramani. Waingereza walitenga mwaka 1941 ukanda wa msitu ulio juu ya vijiji, ambao mpaka leo kila mtu anauita nusu maili, ili wananchi wapate kuni, mbao na majani ya ng'ombe wa zizini pasipo kuingia msitu wa ndani. Mwaka 2005 msitu uliunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na nusu maili ikaguswa. Tulikwenda na wanafunzi kuongea na akina mama wanaokata majani. Bibi mmoja, mzigo bado uko kichwani, alituonyesha mstari wa mikaratusi na kusema hapo ndipo palipokuwa mwisho tangu yeye ni msichana. Mwanafunzi alimwamkia, akachukua alama ya mahali kwa simu yake, kisha akauliza swali zuri: "Bibi, na kabla ya mikaratusi mlijuaje mwisho?" Bibi akashusha mzigo. Maelezo yake yalichukua mchana wote, mfereji kwa mfereji, na majina ya waliokuwa wakiutunza kila mmoja.

Upande wa Siha, kuelekea Enduimet na ushoroba wa Kitendeni unaounganisha Kilimanjaro na Amboseli, mzee mmoja wa Kimasai alitusahihisha mara tu tulipofungua daftari. "Binti yangu, mnauliza tembo walipita wapi. Ulizeni pia mwezi." Wakati wa masika, alisema, hawakuwa hapa kabisa, walikuwa wamesambaa nyikani, walirudi nyasi zikikauka, wakifuata maji ya mlima. Kwa hiyo mstari mmoja uliochorwa kwenye ramani na kuitwa ushoroba haukuwa mstari kwake. Ulikuwa ratiba. Akatupeleka kwa miguu mpaka pembeni mwa mashamba makubwa ya ngano na shayiri, akaonyesha kwa fimbo: walikuwa wanakatiza humu.

Mashamba hayo hayakuanza jana, na hapa ndipo faili lilipolipa deni lake kwa ramani. Ripoti ya Tume ya Ardhi ya Arusha na Moshi iliyoongozwa na Jaji Mark Wilson, ya mwaka 1947, ilipendekeza ardhi iliyo kati ya Meru na Kilimanjaro ipangwe upya ili upande wa Sanya uwe wa walowezi mfululizo. Mwaka 1951 takriban Wameru 3,000 walihamishwa kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki, nyumba zikachomwa moto. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York kuwasilisha malalamiko yao mbele ya Umoja wa Mataifa. Kila mtoto wa Arusha amesikia habari hiyo kama habari ya siasa, ya kudai haki kabla ya uhuru. Ni habari ya siasa kweli. Lakini ukiiweka juu ya ramani ya mzee wa Siha, ni habari ya wanyama vilevile: uwanda ulio kati ya milima miwili, ambako watu, mifugo na wanyama walikuwa wakipishana kwa majira, ulikatwa kwa seng'enge kwa ajili ya ranchi. Ramani inayoanza 1972 inaukuta umeshakatwa. Shamba kubwa inalichora kama sehemu ya nchi. Mkulima mdogo aliyesogea pembeni kwa kukosa ardhi ndiye anayeonekana "kuingia".

Nilipomwonyesha mwenzangu hilo, aliondoa neno "uvamizi" kwenye makala yake bila mimi kumwomba. Aliandika "mabadiliko ya matumizi ya ardhi tangu 1972", akaongeza aya mbili juu ya yaliyotangulia. Naye alinibana kwa upande wake: hakukubali nichore mpaka wa malisho ya miaka ya 1880 kwa mstari uliokolea, kwa sababu sina nukta za kutosha. Tulibishana sana. Mwishowe tumekubaliana mistari ya mshazari, iliyofifia, yenye maelezo pembeni yanayosema ushahidi ni wa aina gani: masimulizi, faili, kibandiko au josho. Ninaona alikuwa na haki, ingawa moyo wangu ulitaka ule mstari.

Siku hizi kila mwanafunzi wa idara anayewasilisha ramani ya wanyamapori hutakiwa aandike chini yake mwaka wa data ya kwanza, sababu ya kuanza na mwaka huo, na jambo moja analolijua kuhusu mahali hapo kabla yake. Wengine wananung'unika kwa sababu hilo la tatu linawalazimu kurudi nyumbani kuuliza. Mmoja kutoka Rombo alirudi na mambo mengi mno ya babu yake kuhusu kukesha shambani kufukuza tembo, na sasa tunafikiria kumpa msimamizi wa pili.

Muhula ujao tunaelekea nyanda za chini, Kahe na Arusha Chini, ambako mashamba ya miwa yalianza miaka ya 1930. Mzee wa chumba cha ramani ameshatoa karatasi zake na kuzifunga kwa utepe. Mwenzangu anatafuta picha za anga za zamani. Mimi nina faili moja la malalamiko ya viboko na mpunga ambalo halitaji kijiji hata kimoja, kwa hiyo tutaanza kwa kuwauliza wenyeji mto ulikuwa unapita wapi.